Krimu ya Ng'ambo

Kikopo hakikuvunjika. Hiyo ndiyo bahati pekee aliyoipata dada wa kazi asubuhi ile. Kilikuwa kimelala ubavu ndani ya ndoo ya kupigia deki, kifuniko kikielea kando, na krimu yote ilishachanganyika na maji machafu na povu la sabuni.

Alikitoa kwa mikono miwili. Ndani hamkubaki kitu.

Krimu ile ya ng'ambo ilikuwa roho ya mama mwenye nyumba. Wageni wote walishaisikia bei yake, na kwa hesabu ya dada ilikuwa sawa na mishahara yake mitatu. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Msichana aliyemtangulia alifukuzwa siku ileile alipokutwa amefungua kifuniko na kunusa, basi. Leo yeye alikuwa akipangusa vumbi tu mezani, kitambaa kikakisukuma kikopo, kifuniko hakikuwa kimekazwa, yakatokea yaliyotokea.

Akakaa sakafuni. Alimfikiria binti yake aliyemwacha kwa bibi, na shule ambayo ilitegemea kazi hii. Unga ulikuwa umeshamwagika. Kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani. Saa nne na nusu. Mama alikuwa akirudi saa kumi.

Kutengeneza mafuta ya uso alikujua. Shangazi yake aliyemlea alikuwa msusi, na wateja wake wasiomudu vya dukani aliwapikia mwenyewe. Mkorogaji alikuwa dada.

Akajikaza kisabuni, akavaa kandambili, akatoka mbio. Kwa muuza asali alipata kipande cha nta ya nyuki, kidogo kama kiberiti. Dukani akanunua kichupa cha mafuta ya nazi kwa pesa yake. Jani la alovera akalikata uani.

Jikoni alitia nta na mafuta kwenye bakuli, akaliweka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Nta ilichukua muda kuyeyuka, na kila gari lililopita barabarani lilimfanya ageuke. Alipoepua, akaanza kupiga kwa uma huku akidondoshea utomvu wa alovera tone moja moja. Ikakatika: mafuta juu, maji chini. Akarudisha motoni, akaanza upya. Safari hii alipiga mpaka bega likafa ganzi, na taratibu mchanganyiko ukawa mweupe, mzito, laini. Akaongeza matone mawili ya marashi ya waridi kutoka kwenye kichupa chake mwenyewe.

Alikuwa akisawazisha krimu ndani ya kikopo kwa mgongo wa kijiko aliposikia geti likifunguliwa.

Jioni mama alijipaka kama kawaida yake. Dada alijifanya anatandika kitanda, roho juu. Alimwona mama ananusa vidole vyake, anatulia kidogo, kisha anaendelea.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Dada aliugua uso wa mama kuliko mwenye uso. Kila asubuhi aliukagua kwa kuibia, akiogopa uvimbe, akiogopa doa. Badala yake, vile vipele ambavyo havikuwahi kumbanduka mama mashavuni vikaanza kunywea. Na mama akawa anakaa mbele ya kioo muda mrefu, hasemi neno. Hapo ndipo dada alipoogopa zaidi, maana mama yule kukaa kimya haikuwa tabia yake.

Siku ya sita alikuja shoga yake mama. Dada alipoingia na chai, mgeni alikuwa amemshika mwenzake kidevu, akimgeuza huku na huku, akiuliza ni nini hicho anachojipaka siku hizi.

"Ileile ya siku zote," mama akajibu, macho yake yakiwa kwa dada.

Dada akaweka sinia mezani. Mgeni akaomba aletewe hiyo krimu ajaribu hata kwa kidole. Mama akakataa haraka mno, akasema imebaki kidogo, akageuza mazungumzo. Mgeni aliaga mapema, amenuna kidogo.

Geti lilipofungwa tu, dada akaitwa chumbani. Mama aliurudisha mlango nyuma yake. Kikopo kilikuwa katikati ya kitanda, kimefunguliwa.

"Hii si yangu," mama alisema. "Yangu iko wapi?"

Dada alishatunga uongo wa aina tatu kwa siku hizo sita, lakini hata mmoja haukumjia. Akapiga magoti, akasema yote: ndoo, nta, shangazi. Akasema atalipa, akatwe mshahara hata mwaka mzima, ila asifukuzwe, kwa sababu ya mtoto. Akasema anajua kwamba kitu cha ng'ambo hakiwezi kulinganishwa na uji wake wa jikoni.

Mama alikwenda mlangoni, akazungusha ufunguo, akaujaribu mlango kama kweli umefungwa. Dada alifumba macho.

Aliporudi, mama aliketi sakafuni kando yake, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko dada alivyowahi kuisikia.

"Tangu biashara ya mzee iyumbe, miaka miwili sasa, humu kikoponi sijatia krimu ya dukani hata siku moja," alisema. "Natia mafuta mgando ya kupikia na marashi, yananiwasha mpaka nalia. Hebu nieleze, hii yako unaichanganyaje?"