Mate Juu ya Dhahabu

Nyangi aliipiga meza ngumi, picha ikatikisika kwenye skrini. Mate! Mate ya binadamu yamekauka juu ya dhahabu yake!

Hadubini ya elektroni haimwonei mtu aibu. Kidoa kisichoonekana kwa jicho ilikikuza kikawa kichuguu cha chumvi, na pembeni ikaorodhesha ilichokikuta: sodiamu, klorini, potasiamu. Hii ilikuwa mara ya tatu.

Utando ule wa dhahabu ulikuwa mwembamba kuliko unywele mara elfu moja. Ulikuwa unasubiriwa Ujerumani, upigwe na leza ambayo Nyangi alikuwa ameingojea zamu yake miaka miwili. Ukiwa na doa moja tu jaribio limekufa, na zamu anapewa mwingine. Gari la vifurushi lilikuwa linaondoka Tarime saa nane mchana, na dhahabu iliyobaki ilitosha utando mmoja.

Maabara yenyewe ilikuwa na watu wawili: yeye, na Mzee Muzamil, fundi wa mashine ya kutandaza dhahabu juu ya kioo. Kama si yeye, nani? Popo?

Alimfuata bila hata shikamoo.

"Mzee, nani anatemea vitu vyangu?"

Muzamil alivua miwani taratibu. "Dokta, utando ukitoka kwangu ni safi. Naumulika kwa taa, nakukabidhi mkononi."

"Si nakusikia kila asubuhi! Unasoma dua zako, halafu unapulizia!"

"Nasoma moyoni, na barakoa nimevaa. Miaka sita hapa sijawahi..."

"Usinichezee, mzee! Nimekuvumilia vya kutosha. Weka funguo hapo, uende zako!"

Muzamil naye hasira zilimpanda. Lakini alizimeza. Aliweka funguo mezani, akakunja koti lake la kazi mara mbili.

"Umenivunjia heshima, mwanangu," alisema, akatoka bila kuaga.

Nyangi hakujuta. Ajutie nini? Mtu kakuharibia kazi mara tatu, halafu umbembeleze? Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akaifuta meza kwa spiriti, akavaa glovu mpya na barakoa mpya, akaiwasha mashine mwenyewe huku akilaani kimoyomoyo. Mnafiki mkubwa! Na mvi zote zile!

Saa sita na nusu utando wa mwisho ulitoka. Aliumulika kwa taa, akaugeuza huku na huku. Safi, hauna hata chembe. Alicheka kwa uchungu. Kumbe inawezekana! Mchawi kaondoka, na kazi imenyooka siku hiyo hiyo.

Aliubeba kwa mikono miwili hadi kwenye hadubini, akafungua kijumba cha kuuweka. Hapo akashusha barakoa, akainama, na kama bibi yake wa Ringwani asiyepanda ulezi bila kuzitemea mbegu baraka, kama alivyofanya yeye mwenyewe mara zile zote tatu, akautemea kidogo.

"Thu! Ukawe na heri."