Mtulinga wa Mama Mkwe

Lenah alivunjika mfupa akimkimbia mkwe wake.

Ugomvi haukuwepo. Festus, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati moja ya Kitale, alikuwa amekuja Bungoma pamoja na mjomba wake Bramwel kumposa Nekesa, binti wa Lenah, msimu wa mvua wa mwaka 1951. Heshima ya huko hairuhusu mkwe na mama mkwe kukutana uso kwa uso. Basi Lenah alipomwona kijana akitokea nyuma ya ghala kabla ya saa iliyotajwa, aligeuka mbio, akateleza kwenye matope, akatua kwa kiganja.

"Mtulinga huo!" Festus akasema, na sauti yake haikuficha furaha.

Huo ndio mfupa pekee aliouelewa. Mingine ilimchanganya, kwenye mtihani aliwahi kuuweka mfupa wa paja mkononi, kisa alichopenda kuwasimulia watu mwenyewe. Lakini mtulinga alikuwa ameuvunja wa kwake, alipoanguka na baiskeli akimpungia mkono Nekesa, ambaye wala hakumwona.

Lenah akaingizwa ndani. Festus akabaki nje ya ukuta, macho chini kwa adabu, akaanza kuhutubia. Ni mfupa mwembamba, alisema, unatoka juu ya kifua hadi begani. Ndio unaolishikilia bega lisiporomoke. Mtu akianguka kwa mkono, kishindo chote hupanda hadi hapo. Tena chini yake inapita mishipa inayolisha mkono mzima.

"Vidole vimekufa ganzi!" Lenah alilia kutoka ndani.

Mumewe, mzee Wepukhulu, alijaribu kuyavuta mabega nyuma kama alivyoelekezwa. Akavuta moja. Yowe la Lenah likatawanya kuku uani.

"Mzee, wacha mimi niingie," Festus akasema. "Naweka goti mgongoni, navuta mabega yote mawili, nafunga bendeji. Si kazi kubwa."

"Ati mkwe anishike mabega?" Lenah alifoka. "Heri mkono ukauke! Hapa anaweza kunigusa mtoto wangu tu."

Festus hakuwahi kujaliwa maneno mazuri kwa wakati wake. Hata barua ya kumtongoza Nekesa aliandikiwa na rafiki. Siku hiyo maneno yakamjia yenyewe.

"Basi mama, leo usinihesabu mkwe. Nihesabu mtoto uliyemzaa."

Wazee wa ukoo waliokuwa uani wakatazamana. Bramwel akakohoa. "Festus, chunga mdomo, bana. Neno mbele ya wazee halirudi."

Festus akaona ni wivu tu, maana mjomba ndiye aliyeletwa kuwa msemaji.

"Wazee mmesikia?" Lenah akauliza.

"Tumesikia."

"Ingia, mwanangu."

Akaingia. Goti likakaa pake, mabega yakarudi nyuma, bendeji ikazunguka makwapa na kupishana mgongoni. Vidole vya Lenah vikapata joto tena. Akamtazama Festus usoni bila kujifunika, akalia kwa shukrani, na Festus naye machozi yakamtoka.

Jogoo akachinjwa. Kiti cha mgeni kikaondolewa. Festus akaketishwa chini na wana wa nyumba hiyo, wakala sinia moja. Hakupata kupendwa namna hiyo. Alicheka peke yake kati ya matonge: mjinga mzima aliyeshindwa na mifupa yote, leo anapata mke kwa mmoja! Akamkonyeza Bramwel. Bramwel alikuwa anatazama miguu yake.

Wazee wakanong'onezana, wakakubaliana. Wepukhulu akasimama, akamshika Festus bega, akageukia jikoni ambako wasichana hukaa wakati wa posa.

"Nekesa, wacha kujificha," akaita kwa furaha. "Toka umsalimie kaka yako."