Benchi la Mbele

Nilikuwa nimeshapiga mstari wa penseli katikati ya benchi, msumeno mkononi, nikawaomba wasimamizi wawili wakae, kila mmoja kwenye ncha yake, ili lisicheze.

Walikaa bila kutazamana. Mmoja ni mzee wa kanisa, mwingine dada yake, kiongozi wa kwaya. Tumbo moja. Ugomvi ulioanza na rangi ya mapazia ulikuwa umelipasua kanisa, na sasa kila upande ulikuwa unahama na nusu yake ya kila kitu. Hata kengele waliipigia kura.

Nikainama kuchungulia chini, maana mbao za zamani huficha misumari. Sikuona msumari. Niliona miguu miwili tu, minene, imesogezwa katikati, imeachana shibiri mbili.

"Fundi gani huyu?" nikauliza. "Miguu ya benchi hukaa mwishoni, hata mwanagenzi anajua."

"Baba," wakajibu wote wawili kwa pamoja, kisha kila mmoja akageuza uso kama aliyefumaniwa.

Nikapitisha kidole kwenye maungio. Kazi safi, hata unywele haupiti. Mtu mwenye mkono huo hakosei kipimo.

"Sasa mbona aliiweka hivi?"

Kaka naye alitaka kujionea. Aliponyanyuka kidogo tu, upande wa dada ukazama, na viatu vyake vikateleza sakafuni.

"Usiinuke, kaka," alisema, ameung'ang'ania ubao kwa mikono miwili. "Nitaanguka."

Akakaa.