Paka Asife

Mwenye pikipiki aliuliza mara mbili kilichokuwa ndani ya koti. Mara ya tatu koti lenyewe likajibu, kwa sauti nyembamba ya kulalamika, naye akaacha kuuliza akapandisha bei.

Gracien hakubishana. Alikuwa amemfunga paka ndani ya koti lake la kufundishia, kichwa kikiwa nje, na kila pikipiki iliporuka shimo kwenye mteremko wa Kadutu alijiinua kidogo ili mshtuko uishie mapajani mwake.

Paka yule hakuwa na mwenyewe. Alfajiri vijana wa avenyu walimkuta juu ya bati la jirani, wakamwangusha kwa mawe, na mguu wake mmoja wa nyuma ukavunjika. Walikuwa wakitafuta fimbo ya kummalizia paka, ndipo Gracien akatoka nyumbani kwao akawazuia. Glody, kiongozi wao, alicheka.

"Mwalimu, ile haiko paka, iko muntu. Ngoja tu. Tutaona nani wa hapa atashindwa kutembea leo."

Gracien alifundisha biolojia, na Glody mwenyewe alikuwa amepita darasani kwake. Aliwaambia kwamba paka ni paka na mfupa ni mfupa. Kisha akavua koti.

Docteur Anaclet, daktari wa wanyama, alizoea ng'ombe wa Kalehe na mbwa wa nyumba kubwa za kando ya ziwa. Alimgeuza paka taratibu juu ya meza.

"Iko yako?"

"Hapana, Docteur. Iko ya njia tu."

"Na nani analipa?"

"Mimi."

Daktari alimtazama juu ya miwani. Alisema watu wa hapa humletea mbuzi, tena huuliza kwanza kama baada ya sindano nyama bado italiwa. Alicheka peke yake. Halafu akaeleza kwamba mfupa ungeweza kushikwa kwa chuma, kama paka angevumilia usingizi wa dawa.

"Asikufe tu, Docteur," Gracien alisema. "Na atembee."

Nyumbani, dada yake Ariane alikuwa akimngoja mlangoni. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani alilala mama yao, Maman Séraphine. Alfajiri ileile, kabla ya kelele za vijana, alikuwa ameteleza kwenye ngazi za matope zinazoshuka chooni, na tangu hapo mguu wake haukukubali kusimama. Hakuna jirani aliyeona. Kwa waliopita kuuliza habari, Ariane alisema maman amekwenda Kalehe kwenye matanga. Kila hatua zilipokaribia dirisha, mama yao alijizuia kukohoa.

"Pesa ya hospitali ya maman umeipeleka kwa paka?" Ariane alinong'ona.

Gracien alimkumbusha kwamba kwenda hospitalini ni kumbeba mama mgongoni, kushuka avenyu nzima, mbele ya macho ya Glody na wenzake. Wiki mbili zilizopita, mtaa wa pili, bibi mmoja aliitwa mchawi, akachomewa nyumba kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Tungoje paka ipone kwanza," alisema.

Ariane akaona maana yake. Paka akirudi avenyu akitembea, na maman bado yuko kitandani na mguu wake, hata Glody angejua kwamba hao ni wawili, si mmoja. Hakuipenda akili hiyo, maana mama ndiye aliyekuwa akiumia. Lakini hakuwa na nyingine.

Basi Gracien akawa mtu wa njiani. Asubuhi alipitia kwa Docteur kabla ya masomo, jioni akapitia tena. Aliuliza kama paka amekula, amelalia ubavu gani, kama anahisi akifinywa kidole. Akirudi nyumbani hakukaa. Alifungua pazia, akatazama, akafunga, akafungua tena. Vijana walianza kuuliza ni nani aliyemwona Maman Séraphine akipanda gari la Kalehe.

Siku paka alipopata homa, Gracien hakwenda kufundisha. Alikaa kando ya kitanda cha mama yake mchana kutwa, akimgusa paji la uso kila baada ya muda mfupi.

"Mutoto yangu," mama alisema, "mimi sina homa."

"Najua, maman."

Ariane aliwasikia kutoka jikoni, akajilaumu kwa kuwa alimdhania kaka yake hana huruma.

Homa ilishuka. Jumamosi Docteur Anaclet alimweka paka sakafuni kujaribu. Paka alisimama, akayumba, akavuka chumba. Akanusa kizingiti. Kabla mtu hajafunga mlango akaruka ukuta wa ua, na huyo, akapotea kwenye paa za watu. Daktari aliomba radhi. Gracien alimshika mkono kwa nguvu, akasahau koti lake, akapanda mlima mbio.

Kwenye kona aliwapita Glody na wenzake akiwasalimu kwa furaha hata wakatazamana. Alifika nyumbani jasho likimtiririka.

"Paka iko wapi?" Ariane aliuliza.

"Imeenda. Imeruka ukuta."

"Imeenda? Sasa Glody tutamuonyesha nini?"

Gracien hakumsikia. Alikuwa tayari nyuma ya pazia. Alimfunua mama yake blanketi, akaondoa mto uliokuwa chini ya mguu uliovimba, akamshika mikono yote miwili.

"Maman," alisema, machozi yakimlenga, "imetembea. Sasa simama."