Kumbukumbu za Basi Zima

Siku hizi abiria wa basi la utalii huunganishwa kumbukumbu ili wafurahi kwa pamoja, na wakishuka kila mmoja hurudishiwa zake. Zuwena alitembezwa Tanga kutwa, akaona mapango ya Amboni, akacheza taarabu mpaka kukakucha. Aliporudi nyumbani akamtilia mumewe chai, na sukari vijiko vinne.

"Mama Tatu, sukari yote hiyo? Si unajua nimekatazwa?"

Zuwena akageuka kumtafuta anayeitwa hivyo. Mara simu ikaita. Alikuwa Mwanakheri, waliyekaa naye kiti kimoja, sauti imemkauka kwa kilio.

"Dada, tangu nishuke namlilia marehemu mtoto anaitwa Tatu, nami sijazaa. Huyu ni wa nani?"

"Hata mimi simjui huyo Tatu, mwenzangu," akajibu Zuwena, asielewe kwa nini mumewe ameweka kikombe chini.