Alama za Pembeni

Mwaka ule bwawa lilipokauka, Ngiri alikwenda kwa Nungunungu, aliyekuwa akichora ramani kwa mwiba wake juu ya ngozi kavu, akaomba moja ya kumfikisha majini.

"Kwanza jifunze alama hizi za pembeni," Nungunungu alimwambia. "Bila hizo ramani haisomeki."

"Mto nimeshauona hapa ramanini, fundi, huu ulio karibu. Watoto wana kiu. Alama utanifundisha nikirudi."

Ngiri alikuwa mwepesi wa kuelewa, na hilo ndilo lililomponza. Njiani njaa ilipowabana, aliikata ile pembe ya ngozi yenye alama akawapa wanawe watatu watafune, maana haikuwa na njia wala mto. Mkewe akamwuliza mbona mstari wa mto wao umekatikakatika.

"Mwiba wa mzee ulikuwa butu," alijibu, wakaendelea kutembea siku nne.

Walipofika, mto ulikuwa mchanga mtupu.

Ngiri alirudi peke yake. Nungunungu aliitazama ngozi iliyokatwa, asiulize wengine wako wapi.

"Mstari uliokatika ni mto wa masika," alisema taratibu. "Kiangazi hauna tone. Usiokauka ni ule wa mbali, wenye mstari mzima."

Ngiri alipiga magoti, kama ngiri wote wafanyavyo wakila, ila pale hapakuwa na jani.

"Kaburi linachorwaje, fundi?"

Nungunungu akamwonyesha. Alama ile Ngiri aliishika papo hapo, akaichora mara nne.