Utando Uliokatwa Mkavu

Nilipofungua boliti ya nane na kuitenganisha seli ya methanoli, kifaa chetu cha kuzalisha umeme, niliona mkunjo katikati ya utando unaogawa pande zake mbili. Mkunjo ulikuwa mrefu kama ukucha, umepasuka juu, na kingo zake zimegeuka kahawia.

Emna, mwanafunzi wetu, aliutengeneza utando huo kwa miaka mitatu. Ulitakiwa kuvumilia saa mia tano ndani ya maji makali ya potasi. Uliishia mia mbili.

"Ni utando wangu wenye kasoro, shangazi?" aliuliza kutoka mlangoni; wanafunzi wote huniita hivyo. "Profesa anasema una roho ya nyanya mbivu. Ukishindwa na leo, nitafute mada nyingine."

Utando mkavu hutanuka na kujikunja ukiingia kwenye potasi, kwa hiyo huloweshwa kwanza, ndipo hukatwa. Mimi ndiye ninayewafundisha hivyo wote wanaoingia maabara hii.

Huu niliukata mkavu.

Ilikuwa asubuhi niliyotoka bandarini kumsindikiza mwanangu wa mwisho, aliyepanda meli ya kwenda Marseille. Nilifika kazini na mikate miwili iliyojazwa jodari mkobani, wake na wangu, kwa mazoea. Nikashika mkasi. Hakuna aliyeniona, wala hakuna aliyeniuliza kama nimelala.

"Shangazi, sema tu. Nimeshalia vya kutosha."

Niliushika mkunjo kwa kibanio, nikauinua kwenye mwanga wa dirisha. Potasi ikadondoka mezani.

"Kamwite profesa," nikamwambia. "Mwambie nina neno naye, na neno lenyewe linanihusu mimi."